Yupo Tu Nyumbani

Siku hizi vijana wanazungumza sana juu ya kazi ya mbali, yaani mtu kuajiriwa Dar es Salaam au hata ng'ambo, naye akabaki kwao na kuitimiza kazi yake kwa kompyuta. Wengi huliona kuwa jambo jipya kabisa lililoletwa na intaneti. Mimi nimekuwa mwalimu kwa miaka 38, na katika miaka hiyo nimesimamia watu waliofanya kazi ya mbali, na mimi mwenyewe nimesoma kwa mbali, bila yeyote kati yetu kuiita hivyo. Katika insha hii napenda kumweleza msomaji jinsi jambo hili lilivyoanza, jinsi lilivyofika vijijini kwetu, na kosa moja nililolitenda mwaka 1978, ambalo sikulitambua mpaka mjukuu wangu aliponifumbua macho hapa Nakwa, miaka 43 baadaye.

Swali langu ni dogo. Mtu anayefanya kazi au kusoma akiwa mbali na msimamizi wake, ni kitu gani kinachoiwezesha akili yake kutulia? Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa neno moja: nidhamu. Niliwaambia wanafunzi, nikawaambia walimu, nikawaambia na wanangu, kwamba mwenye nia husoma hata sokoni. Leo nasema kwamba nidhamu ni lazima, lakini haitoshi, na kwamba mara nyingi tunamlaumu mtu kwa kukosa nidhamu wakati alichokosa ni mahali pa kufanyia kazi na ruhusa ya watu anaoishi nao.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1840 Uingereza ilianza utaratibu wa barua za bei nafuu, ambapo stempu ya peni moja iliweza kuifikisha barua popote nchini. Mwalimu mmoja, Isaac Pitman, akautumia utaratibu huo kufundisha hati mkato kwa posta. Wanafunzi wake walinakili maneno ya Biblia kwa hati hiyo, wakamtumia, naye akasahihisha na kuwarudishia. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kikafungua mitihani yake kwa watu ambao hawakusoma katika kuta zake. Tangu hapo mtu aliweza kuwa mwanafunzi wa London bila kuiona London. Mwalimu alikuwa mbali, lakini kelele, moshi wa jikoni na kilio cha mtoto vilikuwa karibu.

Hapa Afrika Mashariki masomo ya posta yaliwafikia kwanza watu wachache, makarani na walimu waliotafuta vyeti kutoka vyuo vya nje. Baada ya uhuru ndipo serikali zetu zilipoyachukua. Kenya ilianzisha kitengo chake cha masomo ya posta huko Kikuyu mwaka 1967, hasa kwa ajili ya kuwaendeleza walimu. Kwetu, elimu ya ushirika iliyokuwa na makao yake Moshi ilikwisha kuanza katikati ya miaka ya 1960 kuwapelekea wanachama wa vyama vya ushirika masomo kwa njia ya posta. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo ikawa inatuma masomo ya posta nchi nzima.

Waanzilishi wale walielewa jambo moja ambalo baadaye tulilisahau. Hawakumwachia mtu vijitabu akahangaike navyo peke yake. Watu wa ushirika walisoma kwa vikundi. Na mwaka 1973 ilipofanyika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vijijini, kwa majuma 12, kusikiliza redio, kusoma kijitabu na kujadiliana juu ya malaria, maji safi na vyoo. Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo na niliongoza kikundi kimoja. Tulikaa chini ya mti, redio juu ya kigoda. Hakuna mume aliyemwita mkewe wala mama aliyemwita bintiye katika muda ule, maana kijiji kizima kilijua kuwa ni saa ya redio. Tulidhani kinachofundisha ni redio. Sasa naona kwamba ile saa iliyokubaliwa na wote ilifanya nusu ya kazi.

Mwaka huohuo wa 1973, huko Los Angeles, mhandisi Mmarekani aliyeitwa Jack Nilles alikuwa akiwaza juu ya msongamano wa magari. Hoja yake ilikuwa kwamba ni nafuu kuipeleka kazi alipo mtu kuliko kumpeleka mtu ilipo kazi, na yeye ndiye aliyelipa jambo hilo jina katika lugha yao. Katika jaribio lake la kwanza, wafanyakazi wa kampuni ya bima walipangiwa ofisi ndogo za karibu na makwao. Hawakupelekwa sebuleni kwao. Nami nakiri kwamba niliposoma habari hii uzeeni nilishangaa, kwa sababu wakati uleule sisi tulikuwa karibu kuwapelekea vijana wetu kazi mpaka ndani ya nyumba za wazazi wao.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba elimu ya msingi kwa kila mtoto, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe Novemba 1977. Madarasa yangeweza kujengwa kwa nguvu za wanavijiji, lakini walimu wangetoka wapi? Vyuo vya ualimu havikuweza kuwatoa kwa wingi namna hiyo. Basi kuanzia mwaka 1976 vijana waliomaliza darasa la saba walichaguliwa na kufundishwa ualimu wakiwa vijijini mwao. Walipata vijitabu vya masomo, walisikiliza vipindi vya Radio Tanzania, walifundisha watoto chini ya uangalizi wa mwalimu mkuu, na mwishoni walikwenda chuoni kwa majuma 6. Zaidi ya vijana 45,000 waliandikishwa, na zaidi ya 35,000 walifuzu.

Watu waliwacheka. Herufi za UPE, zilizokuwa na maana ya elimu ya msingi kwa wote, ziligeuzwa kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Mimi sikupenda mzaha huo tangu siku ya kwanza, kwa maana niliwaona vijana wale wakifanya kazi ambayo wenye vyeti vikubwa wasingeiweza. Bila wao watoto wengi wa Tanzania wasingejua kusoma. Lakini wapo maelfu waliobaki njiani. Mmoja wao namjua, na katika kubaki kwake mkono wangu umo.

Mwaka 1977 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya kijiji, wakati Babati ikiwa bado ndani ya wilaya ya Hanang, mkoa wa Arusha. Nilikuwa na umri wa miaka 27 na cheti cha chuo cha ualimu, nikijiona najua kila kitu. Shule ilikuwa na walimu wawili wenye cheti, mimi nikiwa mmoja wao, na watoto zaidi ya 200. Nikaletewa vijana wanne, wavulana wawili na wasichana wawili, wote wazaliwa wa palepale. Kwa taratibu hawakupaswa kubebeshwa vipindi vingi, ili wapate nafasi ya kusoma mchana. Mimi, kwa uhaba wa walimu, niliwapa vipindi vya asubuhi nzima na mara nyingine mpaka saa 8. Kusoma kukabaki kuwa jambo la jioni, nyumbani.

Msomaji atazame nyumba nne zile, kwa sababu ndani yake mna somo lote. Mvulana wa kwanza alilala peke yake katika kibanda cha marehemu babu yake, mita 100 kutoka kwa wazazi. Akifunga mlango, hakuna aliyemjua yuko macho au amelala. Wa pili alikuwa mtoto wa katibu wa tawi, mtu aliyeheshimu karatasi kupita kiasi. Kijana akifungua kijitabu, baba aliwafukuza wadogo zake wote uani. Msichana wa kwanza aliishi na shangazi yake mjane, mama asiyejua kusoma, ambaye kila jioni alimwambia, "Soma kwa sauti, nami nisikie." Kwa hiyo shangazi alisoma ualimu miaka mitatu bila kuandikishwa.

Msichana wa pili aliishi na baba yake, mama wa kambo na wadogo saba, katika nyumba ya vyumba viwili ya kijiji kipya. Alitoka shule akiwa mwalimu, akifika nyumbani akawa binti. Maji yalikuwa umbali wa saa nzima kwenda na kurudi. Baada ya maji kulikuwa na kuni, baada ya kuni kusaga, baada ya kusaga kupika, na ilipofika saa 3 usiku koroboi ilihamishiwa chumba cha wazazi. Redio ilikuwa ya baba, na vipindi vya walimu viligongana na saa ya kukamua. Mazoezi yake yalinifikia yakiwa na madoa ya masizi na majibu nusu. Mengine hayakufika.

Hayo yote nimeyajua baadaye. Wakati ule sikuuliza. Niliwakalisha wanne darasani kila Ijumaa, nikawapa maswali yaleyale, na nikaona watatu wanapanda naye anashuka. Mwaka 1978 nilitakiwa kupeleka taarifa wilayani. Juu yake niliandika kwa kalamu nyekundu: "Hana juhudi. Akili yake haiko kwenye kazi." Nilikuwa mkweli kwa nilichokiona. Hakuendelea. Majuma machache baadaye mwingine aliletwa mahali pake, na mwaka uliofuata nikasikia ameolewa.

Sasa msomaji angoje, maana ubishi wa moyo wa binadamu ni mkubwa. Mwaka 1979 mimi mwenyewe nilianza kusoma kwa posta ili nifanye mtihani wa kidato cha nne nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Nilikuwa na mke, watoto watatu wadogo na ndugu wawili waliokuja kukaa kwetu. Nilisomea mezani, palepale tulipolia chakula. Mtoto akilia, nilinyanyua kichwa. Mgeni akibisha, nilikaribisha. Ndugu zangu wakizungumza, nilijikuta nimeandika maneno yao katika zoezi la historia. Vita vya Kagera vilikuwa vimetuachia uhaba wa kila kitu, na mafuta ya taa yalipatikana kwa foleni; kwa hiyo saa moja ya mwanga iliyopotea haikurudi. Mtihani wa kwanza nilishindwa masomo mengi.

Sikuandika popote kwamba sina juhudi. Nilisema nyumba ina kelele. Nikachukua funguo za shule, nikabeba taa ya chemli, nikawa nasomea darasa la tano kuanzia saa 1 jioni mpaka saa 4 usiku. Dawati lilikuwa la watoto na magoti yaligonga mbao, lakini baada ya majuma mawili niliona ajabu: nikikaa tu pale, akili ilijipanga yenyewe, kama mwanafunzi aliyesikia kengele. Mke wangu aliwaambia watu kuwa mwalimu yuko kazini, asifuatwe. Mtihani wa pili nilifaulu. Nilijisifu kwa nidhamu yangu. Sikukumbuka kwamba nilikuwa na funguo za jengo zima, na mke aliyebeba watoto, wageni na jiko kwa miaka miwili ili mimi nipate saa tatu za usiku. Wala sikumkumbuka binti yule hata mara moja.

Watu waliowahi kunyimwa kabisa mahali pa kusomea huujua uzito wa jambo hili kuliko sisi. Nelson Mandela na wenzake, walipokuwa wafungwa katika kisiwa cha Robben, waliruhusiwa kusoma kwa posta. Mwanzoni walipewa ubao uliobanwa ukutani kwa urefu wa kifua, ili wasome wakiwa wamesimama, baada ya kutwa nzima ya kuvunja mawe. Mandela ameeleza katika kitabu cha maisha yake jinsi mwenzao Ahmed Kathrada alivyoongoza malalamiko juu ya mbao hizo, jinsi mkuu wa gereza alivyokuja kuzijaribu na kudai kuwa hazina kasoro, na jinsi miezi kadhaa baadaye zilivyoshushwa na wakapewa vigoda. Wanaume waliohukumiwa kifungo cha maisha walipigania kigoda cha kukalia! Walijua kwamba mtu akisimama amechoka, macho husoma na akili hulala. Baadhi yao walitoka gerezani na shahada.

Nchi yetu iliendelea. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuzinduliwa mwaka 1994, na walimu wengi niliowafahamu wamepata shahada kupitia chuo hicho bila kuacha shule zao. Mwaka 2002 Babati ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara. Mwaka 2010 nikastaafu na kujenga hapa Nakwa, ambapo asubuhi naona mlima Kwaraa na jioni nasikia habari za viboko wa ziwa Babati walioingia shamba la mtu. Machi 2020 shule na vyuo vilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na watoto wakaambiwa wafuate masomo kwa redio na televisheni. Niliwaona wajukuu wakisikiliza kipindi cha hesabu huku wakitumwa dukani katikati ya kipindi. Hata hapo sikuona kitu.

Mwaka 2021 mke wangu alipata kiharusi. Mjukuu wetu wa kike, binti wa mwanangu mkubwa, alikuwa akifanya kazi ya hesabu katika kampuni moja Dar es Salaam. Akaomba ruhusa afanyie kazi Nakwa ili amsaidie bibi yake, nao wakakubali. Akaja na kompyuta mpakato, akaweka mezani sebuleni, akawa ananunua bando kwa fedha zake. Tulifurahi. Kila aliyetuuliza habari zake tulimjibu, "Yupo tu nyumbani." Msomaji azingatie neno hilo "tu".

Baada ya miezi miwili alipata barua ya onyo kutoka kwa mwajiri wake. Alikuwa amekosea hesabu mara tatu na kuchelewa mara nyingi. Jioni moja alinijia barazani, akapiga goti kidogo kama alivyofunzwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mama. Kaa."

"Babu, naomba nisionekane nakosa adabu. Mimi nikiwa pale mezani, ninyi mnaona nafanya nini?"

Nikamjibu ukweli. "Tunakuona umekaa."

Akanipa karatasi. Siku ile nzima, tangu saa 2 asubuhi mpaka saa 10 jioni, alikuwa ameandika kila alipoitwa na aliyemwita. Mara 19. Kufungua geti. Kufukuza kuku kwenye mbaazi zilizoanikwa. Kumsalimia mgeni. Kuingiza namba za LUKU. Kutafuta miwani, ambayo ilikuwa mfukoni mwangu. Mara 7 kati ya hizo mwitaji alikuwa mimi, na karibu kila mara nilianza kwa kusema, "Njoo mara moja." Kumhudumia bibi yake hakukuwamo katika hesabu. Alisema hiyo ni kazi aliyoijia, na hailalamikii.

Kisha akanieleza kwa upole jambo ambalo mwalimu wa miaka 38 nilipaswa kulijua. Alisema mtu akitolewa katika kazi ya kufikiri, hata kwa dakika mbili, akili hairudi pamoja naye anapokaa tena; sehemu yake hubaki huko ilikotoka. Kumbe wataalamu wameliandikia hilo. Mwaka 2009 mtafiti aitwaye Sophie Leroy alionyesha kwamba anayehama kutoka kazi moja kwenda nyingine kabla ya kuimaliza ile ya kwanza huifanya ya pili vibaya, kwa kuwa mawazo yake bado yameshikwa na ya kwanza. Na tangu miaka ya 1970 wachunguzi wa saikolojia walikwisha kuona kwamba maneno ya watu huvuruga kumbukumbu ya anayesoma hata kama hataki kuyasikiliza, hata yakiwa ya lugha asiyoijua. Ndiyo maana mtu huweza kusoma mvua ikipiga bati, akashindwa kusoma watu wawili wakinong'ona.

Usiku ule sikulala. Karatasi ile ya mjukuu ilikuwa mezani, na badala yake nikawa naona maandishi yangu mekundu ya mwaka 1978. "Akili yake haiko kwenye kazi." Ilikuwa kweli. Akili yake ilikuwa kwenye maji, kuni, jiwe la kusagia na koroboi iliyokwenda chumba kingine. Nami niliyempa vipindi vya asubuhi nzima ndiye niliyekuwa hakimu wake.

Asubuhi nilianza kutengeneza. Nyuma ya nyumba tulikuwa na stoo ya mahindi. Tukayahamisha magunia, fundi akatoboa dirisha upande wa mashariki, tukavuta umeme, tukaweka meza na kiti chenye egemeo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi rahisi. Kazi ngumu ilikuwa kuwabadilisha watu, nami nikiwa wa kwanza. Baada ya chakula cha jioni niliwakusanya wote nikasema, "Kuanzia saa 2 mpaka saa 6, na tena saa 8 mpaka saa 10, huyu yuko Dar es Salaam. Ukitaka kumwita, jiulize kwanza kama ungepanda basi kumfuata." Walicheka, lakini walielewa. Wageni walipolalamika kwamba binti yetu hatoki kusalimia, niliwaambia wangoje saa 6, atatoka kwa heshima zote, na alitoka.

Halafu tukafika penye mzizi wa jambo. Yale mambo 19 hayakupotea. Kuku waliendelea kuzitaka mbaazi, na geti liliendelea kugongwa. Utulivu wa mtu mmoja lazima mwingine aulipie kwa mikono yake. Mwaka 1980 utulivu wangu ulilipiwa na mke wangu, na hakuna aliyemwuliza. Mwaka 1978 binti yule ndiye aliyekuwa akilipia utulivu wa nyumba nzima, na hakubakiwa na wa kwake. Kwa hiyo tuliandika ratiba ya kazi za nyumbani na kuibandika jikoni, na jina langu likawamo. Mjukuu wa kiume wa darasa la sita alipewa geti. Mimi nilipewa mbaazi.

Onyo lile halikufuatwa na lingine, na mjukuu wangu angali na kazi yake.

Lakini nilikuwa na deni. Mwaka 2022 niliuliza mpaka nikaelekezwa kijiji alikoolewa yule binti, nikaenda kwa bodaboda na mkongojo wangu. Nilimkuta mama wa miaka zaidi ya 60, akipepeta alizeti. Alinitambua kabla sijasema jina.

"Shikamoo, mwalimu mkuu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuomba radhi."

Nikamweleza habari ya taarifa ile, maneno yote kama nilivyoyaandika. Alinyamaza muda mrefu, ungo ukiwa magotini. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi siku zote nilidhani ulikuwa unajua nyumbani kwetu kukoje. Nilidhani umejua, ukaona haitoshi kuwa sababu." Akaniambia pia kwamba vijitabu vile alivihifadhi miaka minne, mpaka mvua ilipovifikia.

Sikuwa na la kujibu. Nilimweleza habari za mjukuu na stoo ya mahindi. Akasikiliza kwa makini, akauliza swali moja ambalo mimi sikuwahi kumwuliza yeye: "Sasa kazi za pale nyumbani anazifanya nani?"

"Tumegawana," nikamjibu. "Mimi nalinda mbaazi."

Alicheka mpaka akaushika ungo usianguke.

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako yumo kijana anayesoma au kufanya kazi akiwa mezani, ukimwona amekaa kimya. Kabla hujaandika neno juu ya juhudi yake, hesabu umemwita mara ngapi leo. Kisha ukae na wenzako nyumbani muulizane nani atakwenda kufukuza kuku.